Pikipiki ya Mume Wangu na Ekzosi za Shemeji

Mume wangu alikuwa daktari wa mifugo. Kazini walimpa pikipiki ndogo ya kupandia njia za mashambani, na hiyo hakuipenda wala kuichukia. Ya kwake mwenyewe ilikuwa nyingine kabisa: kubwa, ya chini, nzito, unaikalia kama kiti cha sebuleni, miguu mbele na mikono imepanuka kwenye usukani. Aliinunua ikiwa imeshatumiwa na mtu mwingine, akaileta kwetu Kaaga, pembeni mwa mji wa Meru, na majirani wakacheka wakasema mvua ya kwanza itaizamisha. Yeye Jumapili tukitoka kanisani alibadilisha nguo, akachukua kitambaa nilichokata kwenye gauni langu kuukuu, akapangusa ekzosi, yale mabomba mawili marefu ya moshi ya upande wa kulia, mpaka ukaweza kujitazama ndani yake.

Haikuwa na kelele. Watu walishangaa, kwa sababu ukubwa ule waliutarajia kunguruma. Sauti yake ilikuwa nzito lakini ya chini, na nikiwa jikoni niliisikia inapokata kona ya shule, nikaweka maji ya chai. Alisema mtu anayefanya kazi na wanyama hujifunza kuchukia kelele. Likizo zilipofika na uwanja wa shule ninayofundisha ukawa mtupu, alinifundisha kuiendesha. Niliiangusha mara nyingi. Alikuwa anakuja taratibu, ananisaidia kuinyanyua, anasema, "Tena."

Alikufa kwa figo, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Sitaeleza habari za hospitali.

Siku ya mazishi, watu wakiwa bado wanakula, ndugu yake mdogo alikuja nilipokuwa nimeketi na akina mama. Yeye alikuwa anaishi Embu, mtaa wa Majimbo, na alikuwa na duka la vifaa vya umeme. Aliinama akaniambia sikioni, "Shemeji, ile pikipiki naenda kuiweka mahali salama. Hapa utaibiwa." Hakungoja nijibu. Ufunguo alishautoa kwenye msumari wa mlangoni. Nilisikia injini ikiwaka, nikaisikia ikienda, na mama mmoja akanishika bega akidhani nalia kwa sababu ya kaburi.

Nilipompigia simu alisema iko salama. Nilipompigia tena alisema mbona nina haraka, kwani naenda wapi nayo. Baadaye akawa hashiki simu.

Habari zenyewe nilizipata chumba cha walimu. Mwenzangu mmoja alikuwa ametoka arusi Embu, akanivuta kando. Alisema magari ya bibi arusi yalikuwa yametanguliwa na pikipiki kubwa yenye tangi la rangi ya damu ya mzee, na kelele yake iliwafanya wazee wazibe masikio barabarani. "Nilidhani ni kijana wa Nairobi," akasema. "Halafu nikaona ni shemeji yako. Madam, uliiuza?"

Nilimwambia sikuiuza. Nilirudi darasani nikafundisha kipindi kizima na sikumbuki nilifundisha nini.

Jumamosi iliyofuata nilivaa suruali, nikajifunga leso juu yake, nikaweka kwenye mkoba ule ufunguo wa akiba ambao mume wangu alikuwa ameuhifadhi kwenye kopo la vifungo, nikapanda gari la Embu. Sikumwambia mtu. Mama mkwe wangu angenizuia, na watoto wangeogopa.

Majimbo sikuhitaji kuuliza nyumba. Niliisikia nikiwa bado barabarani. Ilikuwa kama mtu anapasua mabati kwa shoka, halafu inatulia kidogo, halafu inaanza tena. Nilipofika langoni nilimkuta shemeji amesimama kando yake katikati ya ua, anavuta mafuta kwa mkono ili marafiki zake wawili waisikie ikinguruma. Wakaniona. Yeye aliizima.

"Shemeji. Mbona hukupiga simu nikutumie gari?"

Sikuwa namtazama yeye. Nilikuwa natazama upande wa kulia wa pikipiki. Zile ekzosi ndefu hazikuwapo. Mahali pake palikuwa na vibomba viwili vifupi, vimeishia karibu na kanyagio la mguu, vimepakwa rangi nyeusi ya kopo ambayo ilikuwa tayari inababuka. Karibu na injini chuma kilikuwa kimegeuka buluu kwa joto. Viungo vilikuwa vimechomelewa ovyo, kama tope lililotupwa ukutani.

"Ekzosi zake ziko wapi?" nikauliza.

"Zile? Zilikuwa zinaibana injini. Nilizitoa nikaiwekea hizi. Sikia vile inapumua sasa."

"Nimeuliza ziko wapi."

Akacheka akiwatazama marafiki zake. "Tulizikata na grinda ndio zitoke. Bolti zilikuwa zimeshika. Vyuma vyenyewe walivinunua watu wa skrapu."

Mimi si mtu wa kupiga kelele. Watoto wa shule wananiogopa kwa sababu nashusha sauti. Niliishusha. Nikamwambia, "Ulikata kitu cha ndugu yako na grinda, ukawapa watu wa skrapu."

"Shemeji, usifanye hivyo. Pikipiki ya mwanaume haiwezi kulia kama cherehani. Hata yeye angekuwa hai angezipenda hizi."

Hapo ndipo hasira ilipobadilika. Mpaka wakati huo ilikuwa ya moto. Aliposema mume wangu angezipenda, ikawa baridi. Nilifungua mkoba nikatoa ufunguo.

"Unafanya nini?"

"Naenda nyumbani."

"Na hiyo? Hiyo ni mali ya familia. Wewe mwanamke utaifanyia nini?"

Nilipandisha mguu nikaketi. Alishika usukani kwa mikono miwili na uso wake ukawa karibu na wangu. Marafiki zake walitazama pembeni. Sikujua ningefanya nini kama asingeachilia. Nilikuwa nimewaza safari mpaka kwenye ufunguo, si zaidi ya hapo.

Mke wake alitokea mlangoni na sinia la chai. Alikuwa mama mpole, mtu wa kwaya, na katika miaka yote ya ndoa yetu hatukuwahi kuzungumza zaidi ya salamu na habari za watoto. Aliweka sinia chini, akapita katikati yetu, akaenda akafungua lango pande zote mbili. Halafu akamwambia mumewe kwa Kimeru amwache mke wa ndugu yake aende, kwa sababu yeye mwenyewe amechoka kuona aibu mbele ya majirani.

Shemeji aliachilia mkono mmoja. Wa pili nikautoa mimi.

Safari ya kutoka Embu hadi Meru nilikuwa nimeifanya mara nyingi nikiwa nyuma ya mume wangu. Sikuwahi kuifanya peke yangu, na sikuwahi kuifanya kwa kelele. Kila nilipopita watu waligeuka. Mji wa Runyenjes wanawake wa sokoni walisimama. Kwenye mteremko nilipopunguza mafuta, vile vibomba vilianza kulia paa, paa, na mbuzi aliyefungwa kando ya njia akakata kamba akakimbia. Nilisikia aibu kana kwamba natembea nikiporomosha matusi. Nyumbani hatukuwa watu wa hivyo. Yeye hakuwa mtu wa hivyo. Na sasa kila mji uliomjua kama daktari wa mifugo mtaratibu ulikuwa unaisikia pikipiki yake ikitukana.

Kabla ya Chuka polisi walinisimamisha. Mmoja aliizunguka, akainama akatazama.

"Mama, hii ndege umeitoa wapi?"

"Ni ya marehemu mume wangu."

"Na alikuwa anaiendesha hivi?"

Nilimwambia hapana. Nadhani nililisema kwa namna fulani, maana alininyoshea mkono niende, akaniambia nikaitengeneze.

Nilipofika Nkubu nilisikia harufu ya nguo inaungua. Leso ilikuwa imeteleza ikagusa bomba. Ekzosi za zamani zilikuwa na kinga ya bati ya kuzuia joto, lakini nani angekumbuka kuweka kinga. Leso ilitoboka, suruali pia, na kwenye shavu la mguu nikapata jeraha ambalo kovu lake lipo mpaka leo. Niliikunja leso nikaiketia, nikaendelea.

Mama mkwe alipiga simu jioni hiyo. Alisema nimemwaibisha mtoto wake mbele ya wageni. Nilimwuliza kama amemwuliza mtoto wake alichofanya. Akasema hayo ni mambo ya vyuma tu. Nikamwambia, "Mama, nakuheshimu. Lakini usiniambie kwamba ni vyuma tu." Nikakata simu. Sikuwahi kumkatia simu kabla ya siku hiyo.

Kutafuta ekzosi nyingine kulichukua karibu muhula mzima. Za kiwandani hazikupatikana tena kwa pikipiki ya umri ule. Muuzaji mmoja wa spea Nairobi alinitumia picha za zilizotengenezwa na watu wengine, nikachagua zilizokuwa ndefu, zenye bomba dogo la matundu ndani la kushusha sauti. Zilipofika nilizipeleka kwa fundi wa pikipiki pale Makutano, mjini Meru.

Fundi alikuwa anajua kazi yake, lakini masikio yake hayakuwa yamezoea wanawake. Nilipomweleza, alimgeukia kibarua wa karakana ya jirani, mwanamume ambaye hata hakuwa ameandamana nami, akamwuliza, "Anataka nini?" Nikamwambia anitazame mimi. Akanitazama.

"Madam, watu hunilipa nitoboe ekzosi ndio zilie. Wewe unalipa ndio inyamaze?"

"Ndiyo."

"Hata boda boda hawatakusikia."

"Nitapiga honi."

Alitoa vile vibomba vya shemeji. Bolti moja ilikatikia ndani ya injini, kwa sababu waliozifunga kule Embu walikuwa wamezikaza bila gasketi za kukaa katikati, chuma kwa chuma, mpaka nyuzi za bolti zikaharibika. Fundi alilaani chini chini. Ilimbidi aitoboe ile bolti katikati, pole pole, na mimi nilisimama pale nikitazama kila unyoya wa chuma ukitoka, na kila mmoja ulinichoma moyo. Kwa kila unyoya nilimwona shemeji akicheka akiwatazama marafiki zake.

Zile mpya pia hazikukaa moja kwa moja. Mkono wa kuzishikilia ulikuwa wa pikipiki ya namna nyingine, matundu hayakukutana. Fundi akasema atapasha moto apinde bomba. Nikamwambia bomba halipindwi, utengenezwe mkono mwingine. Tulibishana mpaka watu wakasimama kutazama. Mwishowe alikata kipande cha bati nene, akakipima, akakitoboa, akakichomelea vizuri, na ekzosi zikakaa bila kulazimishwa. Akaweka gasketi mpya za shaba, akazikaza kidogo kidogo kwa zamu, hii halafu ile. Karbureta nayo akairekebisha, maana kule Embu waliiacha injini ikinyonya hewa nyingi mno na petroli kidogo.

Aliiwasha. Niliinama nikasikiliza.

Sauti ilikuwa ya chini. Haikuwa na aibu. Lakini haikuwa ile. Ilikuwa nyembamba zaidi, na mahali ambapo ya zamani ilikuwa inatetemesha kifua, hii ilipita juu juu. Fundi aliniuliza kama iko sawa. Nilimwambia iko sawa, kwa sababu kosa halikuwa lake. Nilipofika nyumbani binti yangu alitoka jikoni akauliza ni nani amekuja; sauti hakuitambua. Hapo nilielewa kilichokuwa kimeuzwa kwa watu wa skrapu, na nikamchukia shemeji upya, kuliko siku ile ya Majimbo.

Mwisho wa mwaka familia ilikutana kwa mama mkwe, kama kawaida. Nilikwenda na pikipiki. Baada ya chakula tuliomba, na katika maombi shemeji alisimama, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya kanisani kwamba mwaka unaisha, na kama kuna mtu yeyote ambaye yeye amemkosea kwa njia yoyote, anaomba msamaha. Watu walianza kuitikia amina.

"Taja," nikasema.

Amina zilikatika. Mama mkwe alifungua macho.

"Shemeji, tuko kwa maombi," shemeji akasema.

"Najua. Ndiyo maana nakwambia utaje. Mtu yeyote ni nani? Njia yoyote ni ipi?"

Alimtazama mama yake. Nilidhani mama angenikemea, na nilikuwa tayari kutoka. Mama mkwe alikuwa ameshika Biblia mapajani. Akamwambia mtoto wake, "Taja."

Alitaja. Hakunitazama, lakini alitaja: kwamba alichukua pikipiki ya ndugu yake siku ya mazishi bila ruhusa, kwamba alikata ekzosi na kuziuza. Sauti yake ilipungua kila neno mpaka mwisho tulilazimika kutega masikio. Mke wake alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa imekaza.

Walingoja niseme nimemsamehe. Niliona jinsi wote walivyokuwa wameinama mbele kidogo, wakingoja, ili tuimbe na tugawane keki.

"Nimesikia," nikasema.

Wimbo ulianzishwa na mtu fulani, nami nikaimba pamoja nao, kisha nikasaidia kuosha vyombo, kisha nikavaa kofia yangu ya chuma nikawaaga mmoja mmoja. Yeye nilimpa mkono. Ulikuwa na jasho. Nikateremka Kaaga kabla giza halijaingia, na njiani hakuna aliyegeuka kunitazama.