Dawa Ikiisha, Ondoa Ngazi

Nakumbuka siku moja mama yangu mzazi alipanda ngazi ya bwawa la kuogelea, ameshika khanga yake isilowe, akaniuliza swali la maneno matatu, nami nikamcheka mbele za watu. Mwanangu, nimecheka mengi katika umri huu, na mengi nimeyasahau. Kicheko kile sijakisahau.

Nimeambiwa umehamia nyumba yako ya Ngokolo, na kwamba uani umesimamisha bwawa la kuogelea, lile la juu ya ardhi, la kupandia ngazi. Wazee wenzangu hapa wamelipokea jambo hilo kwa maneno mengi. Mmoja ameuliza kama sasa utafuga na viboko. Mimi sikucheka nao, kwa sababu niliwahi kuwa mtunza bwawa kama hilo, mji huu huu wa Shinyanga, wakati baba yako hajaoa. Kwa hiyo kaa kitako unisikilize, kisha ukaogelee.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa fundi wa pampu kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, umri wangu ishirini na sita, sina mke, nina baiskeli. Meneja wetu, Bwana Mhoja, alilinunua bwawa lile kwa Mzungu mmoja wa migodini aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuja limekunjwa juu ya lori la pamba: mabati marefu ya buluu, turubai la plastiki la kutandika ndani, pampu ndogo na tangi la mchanga la kuchujia maji. Tulisawazisha ardhi siku mbili kwa pima maji, maana maji yakiegemea upande mmoja hulisukuma bati mpaka lipasuke. Tukatandaza mchanga laini ili mawe yasitoboe plastiki, ndipo tukalisimamisha. Kimo chake kilinifika kifuani, na kutoka ukingo hadi ukingo ni hatua saba. Tulilijaza kwa maji ya kisima kirefu cha kiwanda.

Sisi watu wa Shinyanga tunajua ng'ombe na tunajua vumbi. Habari za kuogelea tulikuwa tunazisikia kwa watu wa ziwani, wa Chato huko. Lakini Jumapili baada ya misa Bwana Mhoja aliwafungulia geti watoto wa wafanyakazi wote, na wakubwa waliotaka. Karani wa mizani, mtu mnene kweli kweli, siku aliyoingia maji yalipanda yakamwagika nje ya ukingo, watoto wakampigia makofi na kumwomba atoke aingie tena. Alitoka, akaingia tena. Mimi nilijifunza kuelea pale, chali, mikono nimeitandaza, naitazama mbingu ya kiangazi isiyo na hata wingu moja. Raha ya bure inayoipita hiyo sijaipata.

Ila ukiona vyaelea, vimeundwa. Msimu wa pamba nyuzi nyeupe zilipeperuka kutoka kiwandani zikatua majini, na kila asubuhi nilizikokota kwa wavu. Kila jioni nilikoroga klorini ya unga kwenye ndoo, nikaimwaga kuzunguka ukingo huku pampu ikifanya kazi. Mara mbili kwa wiki nilisugua kuta, kwa sababu ule utelezi wa kijani huanza kidogo kidogo, kama uvivu. Hakuna mtoto aliyekanyaga ngazi kabla ya kunawa miguu kwenye karai. Watu wakaniita Fundi Maji, na jina hilo nikalivaa kwa fahari kuliko nilivyovaa shati langu la Krismasi.

Kisha klorini ikaisha. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinaisha, sabuni, sukari, mafuta ya taa. Niliagiza Mwanza, nikajibiwa nisubiri. Nilichotakiwa kufanya ni kwenda kwa Bwana Mhoja nimwambie kwamba dawa imekwisha. Sikwenda. Nilijiambia itafika kesho, na kesho yake nikajiambia vilevile. Ukweli ni kwamba nilizipenda zile Jumapili, nilipenda kuitwa Fundi Maji, na niliogopa kuonekana mtu wa kawaida aliyesimama karibu na pipa kubwa. Siku ya tano maji yakawa kama yaliyooshewa mchele.

Ndipo nikakumbuka shabu. Kwetu kijijini, upande wa Ushirombo, akina mama walichota maji ya lambo yenye tope zito, wakazungusha kipande cha shabu ndani ya mtungi, na baada ya muda tope likashuka chini, maji yakabaki meupe. Nilinunua shabu sokoni, nikaitwanga, nikaimwaga bwawani, nikazima pampu. Asubuhi ungeweza kuhesabu mishono ya plastiki kule chini. Nilifyonza tope kwa mpira wa maji, nikasimama pembeni nikajipongeza. Jumapili ile watoto walisema maji hayajawahi kuwa mazuri namna hiyo. Kwa macho yalikuwa mazuri kweli.

Jumapili iliyofuata mama yangu alikuja mjini kumtembelea dada yangu, Mama Kabula, aliyeolewa Ngokolo. Kabula, binti yake wa miaka saba, ndiye aliyemshika bibi mkono akamleta kuona bwawa la mjomba. Mama alipanda vidato viwili vya ngazi. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, cha kuuzia ng'ombe na kusalimia askari. Aliyatazama maji, kisha akakiona kipande cha shabu nilichokisahau juu ya tangi la mchanga, uso ukamchangamka.

"Kumbe ni shabu," alisema. "Vizuri, ng'wanone." Yaani mwanangu. "Na mnachemshia wapi?"

Nilicheka. Karani wa mizani alicheka zaidi yangu, akapaza sauti kwamba mama yake Fundi Maji anatafuta sufuria ya kuchemshia bwawa. Ua mzima ukaangua kicheko. Mama naye akacheka kidogo, kwa adabu ya mgeni, akashuka.

Lakini mimi nilielewa alichouliza, mwanangu. Hakuna mtoto wa kwetu asiyejua kwamba shabu huondoa tope, haiondoi ugonjwa, na ndiyo maana mtungi ukishatulia maji huenda jikoni. Wazo hilo lilinipitia kichwani, nikaliacha lipite. Kabula alikuwa anaruka kutoka kwenye ngazi, anameza maji, anakohoa, anapanda tena.

Wiki ya pili baada ya hapo homa ilimshika Kabula, akalazwa. Daktari alidhani ni malaria, akamwanzishia sindano. Kisha akamuuliza dada yangu mtoto anakunywa maji gani.

"Ya kuchemsha, daktari. Mabichi sijawahi kumpa."

"Na kuoga? Lamboni? Mtoni?"

"Lamboni haendi kabisa."

Dada hakusema uongo. Bwawa letu halikumjia akilini, kwa sababu mji mzima ulijua maji yake yana dawa. Mimi nilikuwa nimesimama papo hapo, chupa ya chai mkononi. Swali nililisikia, na jibu lake nilikuwa nalo mimi peke yangu. Nikamimina chai.

Zikapita siku tatu, homa haishuki. Mama mkwe wa dada akaanza kusema kando ya kitanda, wala hakunong'ona, kwamba siku hizi kuni ni za shida, na kuna wanawake wanaosema wamechemsha kumbe wamepasha. Muuguzi naye akaongeza lake: "Mama Kabula, sema ukweli tu. Wote mkija hapa mnasema mnachemsha." Dada alikuwa anamkanda mtoto kwa kitambaa cha maji, machozi yanamtiririka, nami ndugu yake wa tumbo moja nikageuka kutazama dirishani. Aibu niliyoiona pale ninayo mpaka leo. Mimi nimezeeka, yenyewe haijazeeka.

Siku ya nne ilikuwa Jumamosi. Kesho yake geti la Bwana Mhoja lingefunguliwa, na watoto wangeingia majini kama kawaida. Mama alinikuta kwenye benchi la varanda ya hospitali, akaketi karibu nami.

"Maganga," alisema, "nilikuuliza, ukacheka. Nikasema labda mjini kuna namna ya kuchemsha isiyo na moshi. Ipo?"

"Hakuna, mayu." Yaani mama.

"Na ile dawa yenu ya kopo?"

"Iliisha. Sasa ni mwezi."

"Yaya," alisema, na kwa Kisukuma hiyo ni hapana. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe unaficha maradhi ya mtoto wa mwenzio, na mwenzio mwenyewe ni dada yako. Anabeba mzigo wako, wewe unamtazama. Inuka ukaseme. Ukirudi hujasema, usiniite mayu."

Nilikwenda. Nilimweleza daktari kila kitu, klorini, shabu, Jumapili zote. Hakunigombeza. Alivua miwani, akaniuliza majina ya watoto wengine, akabadilisha dawa za Kabula saa ile ile, akasema huenda hii ni homa ya matumbo, na kwamba angeambiwa siku ya kwanza angeanza siku ya kwanza. Kisha nikarudi wodini nikasema yale yale mbele ya dada yangu, muuguzi na mama mkwe. Mama mkwe alitazama chini. Nikapanda baiskeli mpaka kwa Bwana Mhoja.

Meneja alinisikiliza amesimama uani. Nilipomaliza, alikwenda bwawani, akaing'oa ngazi kwa mikono yake, akaitupa nyuma ya ghala.

"Ungeniambia dawa imekwisha," alisema, "ningekasirika siku moja tu."

Watoto wawili wengine walikutwa na homa ileile ingali changa, wakapona upesi. Kabula alikaa hospitali majuma matano. Alitoka na miguu yake na akili zake, lakini masikio yalikuwa yameharibika. La kushoto halisikii kitu, la kulia husikia kwa shida. Je, ugonjwa aliupata bwawani? Daktari alisema huenda. Je, zile siku nne za kimya changu ndizo zilizomaliza masikio yake? Alisema huenda. Nimeishi na hizo huenda mbili miaka yote hii, na sijapata mtu wa kuniondolea hata moja.

Dada yangu alinisamehe, au alisema amenisamehe. Siku moja, miezi mingi baadaye, alikuwa anachambua choroko, akaniambia bila kuinua macho: "Mambo ya maji ni bahati mbaya, kaka. Lakini ulinisikia nikisemwa, ukanimiminia chai."

Sasa mwanangu, bwawa lako silikatazi. Lifurahie, waalike majirani, na ukikutana na karani mnene mwambie aingie. Klorini iweke jioni, maana jua letu la mchana huila. Osha mchanga wa kuchujia, kokota majani, nawisha miguu, na mtoto asiingie majini pasipo mtu mzima anayemwangalia. Mengi ya hayo utayasoma kwenye karatasi iliyokuja na bwawa.

Langu halimo kwenye karatasi. Maji kuwa meupe siyo maji kuwa salama. Siku dawa itakapoisha, ondoa ngazi kwanza, kisha waeleze watu kwa nini umeiondoa. Watakusema kwamba bwawa limekushinda, na maneno yao yatapita. Na ukiona mwingine analaumiwa kwa kosa unalolijua kuwa ni lako, sema hapo hapo. Usingoje mama yako aje kukukuta kwenye benchi, kwa kuwa mimi wangu alichelewa siku nne tu, na hizo siku nne zilitosha.

Nenda, mwanangu. Mungu akujazie uani watoto wenye kelele, na kila jioni utakapowaita watoke majini waje kula, wakusikie wote, na kwa wito wa kwanza. Amina.