Spana ya Mzee Selemani bado iko kwangu

Wenzangu wa baraza la kahawa, leo nimemtukana mzee wa watu bure.

Ile baiskeli niliyokuwa naiunga nyumbani, kwa fremu aliyoitupa Mzungu wa reli, nimeipanda asubuhi kwa mara ya kwanza.

Kwenye mteremko wa Keko navuta breki, hazishiki! Nikaishia kwenye mbao za seremala.

Raba za breki alinifungia Mzee Selemani, fundi baiskeli, jirani yangu. Nikaenda kwake moja kwa moja. Shikamoo sikumpa.

"Umenifungia raba mbovu, ulitaka nife?" Mbele ya wateja wake!

Mzee akapindua baiskeli, akazungusha magurudumu. Akapitisha kidole kwenye rimu, akakinusa.

"Mwanangu, umepaka nini hapa?"

Mafuta ya nazi. Nilipaka mwenyewe jana, rimu zing'ae siku ya Idi.

Msicheke. Wateja wamekwisha kunicheka vya kutosha.

Yeye hakucheka. Alisugua rimu kwa majivu mpaka zikakauka, akasema, "Habu ya mbele, hapa katikati ya gurudumu, imelegea. Chukua spana yangu ukaikaze, utanirudishia."

Nimeikaza. Spana ninayo mfukoni mpaka sasa.

Nani atanisindikiza kuirudisha? Andikeni jina hapa chini, penseli nimeifunga kwa uzi mlangoni.

Maana breki sasa zinashika barabara, lakini tangu mchana nimepita mbele ya kibanda chake mara tatu, na mara zote tatu nimeshindwa kusimama.