Gamba Lililonikata Maini

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, nilipolikataa gamba la chaza kwa kosa moja tu: lilinikata maini.

Usicheke. Wakati ule nilikuwa msichana wa Chechelesi, hapa hapa Isiolo. Baba alinipeleka chuo kikuu huku amewaahidi ndugu zake kwamba kazi yangu ya mwisho ya utafiti ikikataliwa, nitarudi nyumbani kuuza maziwa ya ngamia na shangazi. Kuuza maziwa ni kazi ya heshima na imesomesha wengi, lakini mimi nilikuwa nimependa mawe.

Mawe yenyewe yalitoka upande wa Mandera, ambako zamani za kale kulikuwa na bahari. Ndiyo, bahari, huko kwa ngamia! Chaza anapojenga gamba lake huchukua majini madini yaitwayo strontiamu, ambayo yana aina nzito na aina nyepesi. Uwiano wa aina hizo hubadilika enzi hadi enzi, lakini katika enzi moja huwa sawa bahari zote za dunia. Ukipima gamba, ukalinganisha na uwiano unaojulikana wa kila enzi, unapata umri wa tabaka la mwamba lililolizika. Nilipima magamba matatu ya tabaka moja. Mawili yakataja umri niliokuwa nimeshauandika kwenye kazi yangu kabla ya kupima. La tatu likasema tabaka ni changa zaidi. Nikaliondoa.

Mwalimu wangu, mzee Guyo wa Kinna, alisoma kazi ile akavua miwani.

“Intala, hii ya tatu umetoa kwa nini?”

“Imeharibika, mwalimu. Maji ya mvua iliingia ndani.”

“Umejuaje? Uliangalia na hadubini, ama jibu ndio haikukufurahisha?”

Akaweka kidole kwenye namba za yale mawili.

“Na hizi mbili uliangalia?”

“Hapana, mwalimu.”

“Kwetu watu wakigombania ngamia, wazee wanauliza shahidi kwanza: ulikuwa umesimama wapi? Wakitosheka ndio anaongea. Wewe umesikiza kwanza, ndio ukachagua shahidi. Rudi maabara.”

Nililia, sikufichi, maana muda ulikuwa unakaribia kwisha. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Niliyakata magamba yote, nikayatazama kwa hadubini, nikatafuta chuma na manganisi ambazo maji ya ardhini huziacha yakishapenya. Mwanangu, yale mawili niliyoyapenda ndiyo yaliyoharibika. Lile nililoliondoa lilikuwa zima, utadhani chaza amekufa juzi.

Shahidi mmoja hatoshi. Nilirudi Mandera kuchimba mengine, na safari hii niliyakagua kabla ya kuyapima umri. Yaliyokuwa mazima yote yakakubaliana na lile moja. Kazi yangu ikapita, na hadi leo hakuna aliyeiangusha, ingawa wamejaribu. Shangazi akauza maziwa bila mimi.

Wahenga walisema msema pweke hakosi, na anayechagua mashahidi kwa kuwapenda anasema pweke hata akiwa na umati. Basi nasaha yangu ni hii: amua jinsi ya kumkagua shahidi kabla hujasikia ushahidi wake, uwe unapima jiwe, unatafuta mchumba au unaamua ugomvi wa majirani. Na yule anayekupendeza, mkague mara mbili.

Mungu akupe jicho la kuitambua kweli hata inapokuumiza, na moyo wa kuipokea. Elimu yako iwe na baraka, mwanangu, na mikono yako isichoke.