Ngeleka Apima Jino la Mama Mkwe

Kwa miaka kumi na miwili Ngeleka alipima madini ya mgodi pale Kolwezi, katika maabara iliyojaa mizani na mitungi, na kwa miaka hiyo yote mama mkwe wake, Mama Ntumba, aliwaambia watu kwamba binti yake ameolewa na muosha chupa. Maneno hayo yalimkata maini. Angemwonyeshaje kazi yake? Maabara haibebeki.

Mwaka 1984 kikaja kipimo kipya cha kuning'iniza begani: kisanduku, waya, na kichwa kidogo kama mchi wa kutwangia pilipili. Unakigusisha jiwe, nacho kinakwambia ndani yake mna nini. Bosi akamruhusu akae nacho nyumbani Jumamosi na Jumapili akizoee. Ngeleka alikipakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Jumamosi alipima sufuria, akapima kitasa. Mama Ntumba, aliyekaa upande wa pili wa ua akimpa kisogo kama inavyowapasa wakwe wa Kiluba, akakohoa.

"Mianda, ambia bwana yako apime jino yangu ya zahabu, ile marehemu bwana yangu Kalenga alinitia."

Hapo palikuwa na kazi! Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, sembuse mdomoni. Basi Mama Ntumba akasogea karibu, Ngeleka akageukia ukuta, akapeleka kichwa cha kipimo nyuma, na mkewe Mianda akawa anamwongoza.

"Yulu! Chini! Ile ni pua ya mama!"

Majirani walicheka hadi wakashikilia ukuta.

Kisanduku kikasoma: shaba sitini na mbili kwa mia, zinki thelathini na sita. Dhahabu haikuwamo hata chembe.

"Sema iko zahabu," Mianda akanong'ona.

Uongo mmoja tu, naye angekuwa mkwe kipenzi. Lakini hakuwahi kubadili namba, hata ya kokoto.

"Mama, iko shaba na zinki. Zahabu hakuna."

Mama Ntumba akafumba mdomo, akaufumbua.

"Kalenga! Miaka makumi tatu ananiambia, cheka, batu baone zahabu!" Akasimama, na kwa mara ya kwanza akamsemesha Ngeleka bila kupitia kwa bintiye, akimwita baba. "Tata, kesho tunashika train ya Mutshatsha, mi niende kumugombeza pale kwa kaburi yake. Na ile mashini ulete. Kalenga alikuwa mubishi, atakataa."

Ngeleka aliitika ndiyo mara tatu, macho yake yakiwa bado ukutani, akitabasamu.