Nilifuta breki kwa list ya fundi nikanunua rims: yaliyotupata chini ya Kona Baridi

Wakuu, salamu kutoka Kitengela.

Naanza na hesabu, maana mimi ni mtu wa hesabu na hii nimeirudia mara mbili. Gari, 1,150,000. Rims, exhaust na springs za kuishusha, 163,000. Kuivuta kutoka Magadi Road, panel beating na suspension ya mbele, 214,000. Hospitali, 87,400. Jumla 1,614,400.

Kazi ya breki yenye nilikataa kulipia ilikuwa 31,500.

Yenye naandika hapa ndiyo ilifanyika, hata pale inaniaibisha. Anayeijua yote ni mzee mmoja wa miaka sabini na moja. Nyinyi ni wa pili.

Mimi ni broker wa ng'ombe. Siku ya soko niko Kajiado mapema, na ng'ombe silipi kabla sijaifungua mdomo nione meno, nikaifanya itembee, nikashika mgongo. Mwenyewe akisema themanini mimi nasema arobaini. Hakuna mtu hukasirika. Tunakutana mahali katikati halafu tunanunuliana chai. Hiyo tabia imenilisha miaka kumi na tano, na ndiyo karibu itoe mtoto wangu roho.

Gari ni coupe ya Japan, manual, turbo, blue. Make sitataja, wenye wako nayo wataanza kuitetea badala ya kusoma. Nilinunua kwa kijana alikuwa anahama nchi. Nilimshusha laki mbili na nusu, nikaondoka nikijipongeza.

Meno sikuangalia. Niliangalia rangi. Service book haikuwepo, kijana akasema ilipotea kwa kupack. Ng'ombe ya maneno kama hayo ningeiacha hapo hapo na mwenyewe.

Kesho yake nikaipeleka kwa Kilonzo, fundi wangu wa hapa Kitengela. Kilonzo haongei sana. Aliinua gari, akatoa magurudumu yote, akafungua kifuniko cha brake fluid, akaniita nione. Ilikuwa nyeusi kama chai ya strungi.

Akararua upande wa carton ya oil, akaniandikia list. Juu kabisa breki: fluid mpya, pads, disc mbili za mbele, mipira ya caliper. 31,500. Halafu tyres, maana zilikuwa na meno mazuri lakini mpira umezeeka, umekauka na kupasuka pande. Halafu timing belt na water pump. Halafu coolant, engine oil, gear oil, plugs. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: rims na exhaust, baadaye.

Nikasoma mara mbili. Nikamwambia, "Kilonzo, toa nusu."

"Boss, hii si ng'ombe."

"Kila kitu ni ng'ombe."

Akanipatia biro. "Basi chagua mwenyewe ni mguu gani tukate."

Wakuu, nilichagua. Timing belt nikaiacha kwa list, maana ikikatika engine inakufa na hiyo ni hasara naelewa. Oil na plugs pia nikaziacha kwa list. Tyres nikasema mwezi ujao. Breki nikaipiga laini, nikaifuta.

Sababu yangu ilikuwa hii: breki zilikuwa zinashika. Nilizijaribu kwa barabara ya hapa nyuma, nikakanyaga, gari ikasimama vizuri sana. Sasa kitu inasimama nailipia ya nini? Kwa kichwa yangu, fundi ameandika bei ya kuanzia, kama mwenye ng'ombe. Sikufikiria kuna mtu anaweza kuanza na bei ya mwisho.

Kilonzo alisema kitu moja tu. "Hapa ni tambarare, boss. Fluid ya zamani haina shida mpaka ichemke."

Nilisikia. Niliona ni maneno ya muuzaji.

Pesa nilijifanya nimeokoa ikaenda kwa rims, exhaust na springs. Na kulikuwa na haraka. Kwetu gari mpya haikai kabla ipelekwe nyumbani iombewe, na nyumbani ni kwa wazazi wa bibi yangu Wairimu, pale Embulbul. Huwezi peleka gari ya maombi ikiwa na rims za kutu. Ndivyo nilijiambia.

Jumapili tukafika. Mama mkwe alikuwa amealika wamama wa fellowship kama kumi na wawili. Wakaizunguka, wakaweka mikono juu ya bonnet. Mama anaomba akitaja kitu kwa kitu, hataki Mungu akisie. Akaombea usukani. Akaombea magurudumu. Akaombea breki, kwa jina.

Nikasema Amina, na sauti yangu ndiyo ilikuwa kubwa kushinda zote.

Baada ya chakula baba mkwe, Mzee Karanja, akasema nimpeleke mpaka Kona Baridi aone bonde. Yeye aliendesha lori miaka thelathini, mingi kwa hiyo Magadi Road. Msichana wangu Nyambura, ako na miaka minane, akaruka kiti cha nyuma. Wairimu akabaki na wamama.

Tukapita Ngong, Kiserian, tukapanda. Pale Kona Baridi nikasimama. Upepo wa huko mnaujua. Mzee akashuka, akainama, akashika rim ya mbele kwa kiganja, akaniuliza, "Baba Nyambura, hii imefanyiwa breki?"

"Full service, Mzee. Kila kitu."

Akaniangalia kidogo. "Zamani hapa hatungeteremka kabla dereva ameshika kila gurudumu. Hata ukiwa umechelewa."

Mpango ulikuwa tugeuze hapo. Mimi ndiye nilisema tuteremke kidogo asikie turbo. Mimi, si yeye.

Niliteremka kama mjinga. Gear ya nne, kukanyaga gas, kukanyaga breki, kona, tena. Nyambura alikuwa anacheka. Kona ya tano au ya sita Mzee akasema, "Unanusa?"

Nilinusa. Kama clutch inaungua, lakini si clutch.

Kona iliyofuata nikakanyaga, na pedal ikaenda mpaka chini. Haikukuwa ngumu, haikukuwa laini, ilikuwa hakuna kitu. Kama kukanyaga slippers.

Sitaandika mingi hapa. Mzee hakupiga kelele. Alisema, "Usizime engine. Weka tatu. Sasa mbili. Handbrake polepole, usivute yote." Engine ikalia vibaya. Gari ikapungua lakini haikusimama, na mbele kulikuwa na kona yenye upande wa kulia ni hewa tu.

"Kushoto," akasema. "Ilaze kwa ukingo. Ilaze, usiogope rangi."

Alikuwa amegeuka, mkono wa kulia umemshikilia Nyambura kifua, wa kushoto umekaza dashboard. Nikailaza. Tukasugua mchanga, tukasugua mawe, halafu jiwe moja likashika gurudumu la mbele na tukasimama kwa mpigo mmoja.

Nyambura hakuwa hata na alama. Mimi mdomo ulipasuka. Mkono wa Mzee wa kushoto ulivunjika kwa kifundo, mahali pawili.

Mchungaji mmoja Mmaasai alikuja mbio akaacha kondoo zake. Akamtoa mtoto kwa dirisha, akamfunika shuka. Halafu akaangalia gari, akaniangalia. "Ero, hii yako inajua kukimbia tu?"



Hospitali, Wairimu na mama walifika pamoja. Kabla nifungue mdomo, Mzee akasema kutoka kwa kitanda, "Ni mbuzi. Ilikata barabara ghafla. Baba Nyambura amejaribu sana."

Mama akaanza kushukuru Mungu hapo hapo. Wairimu akanikumbatia mbele ya daktari, kitu huwa hafanyi.

Tulipobaki wawili nikamuuliza Mzee mbona. Akasema, "Uliniambia full service nikiwa nimeshika gurudumu. Nilijua ni uongo, na bado niliingia na mjukuu wangu. Kwa hivyo lawama iko na mimi pia." Halafu akaongeza, "Nimesema mbuzi. Sasa usinifanye mwongo kwa bibi yangu."

Ni miezi mitatu. Mkono ulishikana lakini vidole haviji pamoja vizuri. Mzee ako na ng'ombe mbili za maziwa, alikuwa anazikama mwenyewe asubuhi na jioni. Sasa kuna mtu wa kukama. Mzee husimama kando akishika ndoo.

Kwa wale mmenunua gari ya mbio juzi na mko hapa kuuliza tuanze na exhaust ipi, sikieni mimi. Anza na yenye inasimamisha: fluid mpya siku ya kwanza hata kama umeambiwa ilibadilishwa, pads, disc, hose. Halafu yenye inashika barabara: tyres, soma mwaka umeandikwa pale pembeni, meno hudanganya. Bushes na ball joints. Halafu yenye inazuia engine isife, yaani belt, maji, mafuta zote. Kaa nayo hivyo miezi sita. Ukibaki na pesa na bado unataka kelele, nunua kelele. Na usijaribu breki kwa tambarare kama unaishi karibu na mteremko.

Bargain bei ya gari mpaka mwenyewe alie. List ya fundi unaweza tafuta fundi wa pili alinganishe. Lakini usiichukulie kama bei ya ng'ombe. Kilonzo, nilipoivuta kwake, hakuniambia "nilikuambia". Alienda akaleta ile carton, alikuwa ameiweka, akaanza na laini ya kwanza.

Sasa shida yangu, na ndiyo imenifanya niandike.

Mama ameandaa thanksgiving kanisani. Ni hii Jumapili inakuja. Ng'ombe nimechangia mimi. Kwa programme nimeandikwa kutoa ushuhuda vile Mungu alituepusha na mbuzi, na Nyambura atasimama kando yangu na kitambaa cheupe.

Nyambura alikuwa kwa hiyo gari. Wiki iliyopita tukila aliniuliza, "Daddy, mbuzi ilikuwa rangi gani? Mimi sikuiona."

Wairimu alikuwa ananiangalia. Nikasema nyeupe.

Juzi nimemsikia Nyambura akiambia rafiki yake kwa gate vile mbuzi nyeupe ilitoka kwa kichaka. Na amesema vizuri, na miguu na kila kitu.

Nikisema ukweli mbele ya kanisa, nimemfanya Mzee mwongo baada ya kunifichia. Nikinyamaza, mtoto wangu atasimama pale aseme Amina kwa kitu anajua hakikuwepo. Nimefikiria niende Embulbul Jumamosi niombe Mzee ruhusa kwanza, halafu niambie Wairimu tukiwa wawili, kanisa lisikie baadaye ama lisisikie. Lakini pia najijua, hiyo inaweza kuwa ni mimi natafuta tena bei ya katikati.

Wenye mmeoa, wenye mko na wazee kama huyu, nishaurini kabla ya Jumamosi. Nianze na nani?