Mjomba wa Kawangware

Kosa langu la kwanza la Nairobi nililifanya kabla sijafika Nairobi. Nilikuwa bado garini, daraja la tatu, tumekwisha kuipita Voi, nimejibana dirishani na kifurushi changu mapajani. Hapo ndipo nilipojitungia mjomba.

Mimi ni mtu wa Tanga. Shule sikwenda. Herufi za Kiarabu nilizipata chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na hizi nyingine nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma magunia, masanduku ya chai na mbao za maduka. Ndiyo maana mpaka leo najiona kama nguo iliyoshonwa upande mmoja. Nilijiambia kwamba mtu ambaye hakusomeshwa na shule huenda akasomeshwa na miji. Nikakusudia kuiona Mombasa, kisha Nairobi, kisha Kisumu na Kampala, peke yangu, nikijilisha kwa kuchora majina ya wenye maduka juu ya milango yao.

Nilikuwa na kanzu mbili. Moja niliivaa, nyingine ilikuwa inakauka. Nililala msikitini na mchana nilikula muhogo wa kuchoma, lakini sikutaka mtu yeyote alijue hilo. Kila jambo nililifanyia mazoezi: namna ya kuuliza njia bila kuonekana nimepotea, namna ya kupita mbele ya mkahawa bila kugeuza shingo. Nikikosea neno moja kwa mtu nisiyemjua, nililifikiria usiku kucha.

Mchukuzi mmoja wa stesheni ya Mombasa ndiye aliyenitia hofu. Aliponisikia nakwenda Nairobi alicheka.

"Ukifika kule usiseme huna mtu," aliniambia. "Nairobi asiye na mtu ni mwizi. Na kama si mwizi, ni mgonjwa."

Alijitwika sanduku la watu akaenda zake. Kwake ulikuwa mzaha. Mimi nilipanda gari nikiwa na kazi ya kufanya.

Behewani walikuwamo wanawake wawili waliokuwa wakirudi kwao, na katika mazungumzo yao walilitaja jina la Kawangware. Sikuwahi kulisikia. Walilisema kwa kuchoka, kama watu wanaokumbuka mwendo mrefu, nami nikadhani ni mahali mbali sana, nyuma ya milima, ambako hakuna ambaye angejisumbua kwenda kuhakikisha. Nikampeleka mjomba wangu huko. Na kwa kuwa siwezi kuacha kitu nusu, nikamkamilisha. Nikampa kazi ya ufundi cherehani. Nikampa mguu wa kushoto mbovu, ili nikisitasita kumweleza watu wadhani ni huruma. Nikampa nyumba chini ya mti mkubwa, karibu na kijito. Gari lilipoingia nyanda za Athi nilikuwa namjua yeye kuliko wajomba zangu wa kweli.

Msikitini mjini niliambiwa nende Kibra. "Kwa Wanubi. Wale hawamwachi Mwislamu nje." Nikatembea kwa miguu. Kibra ilikuwa msitu na mashamba ya mahindi, na nyumba za udongo zilizotawanyika kwenye miteremko, kila moja na uwanja wake uliofagiliwa. Wenyewe walikuwa askari wa zamani na watoto wao, watu ambao baba zao waliletwa kutoka Sudani kupigana vita vya Mwingereza, kisha wakaambiwa wakae pale.

Walionipokea walikuwa wawili tu, mzee na mkewe. Mzee alikuwa mrefu, mkavu, na kikohozi chake kilianza kabla yake kila alipoingia mlangoni. Bibi alikuwa akisuka tabaga, zile sinia za ukindu za rangi nyingi ambazo kwao hufunikia chakula. Alifunua moja, akaniwekea kisra, mikate yao myembamba yenye uchachu, na mchuzi wa moto. Nilijitahidi kula polepole kama mtu aliyekula asubuhi.

"Una mtu hapa Nairobi, mwanangu?" aliuliza.

"Ninaye, mama. Mjomba wangu. Yuko Kawangware."

Nikangoja waseme ni mbali. Mzee alinyoosha kidevu kuelekea miti iliyokuwa nyuma ya jiko.

"Kawangware ni hapo tu," alisema. "Ukitoka asubuhi, adhuhuri haikukuti njiani."

Sijui uso wangu ulifanya nini. Nakumbuka bibi aliniongezea mchuzi.

Ningeweza kusema palepale. Lakini mzee aliuliza mjomba ni nani, anafanya kazi gani, na mimi, kwa kuwa jibu lilikuwa tayari na lilikuwa zuri, nikalitoa lote: cherehani, mguu, mti, kijito. Bibi alisikitika sana kuhusu mguu.

Nilikuwa nimepanga kuaga alfajiri na kupotelea njiani. Hapo nikajifunza desturi ya nyumba ile. Nilipoaga, mzee alikuwa amekwisha kuvaa koti lake la jeshi.

"Unakwenda wapi peke yako?" aliniuliza. "Kwetu mgeni haagwi mlangoni. Unampeleka, unaushika mkono wake, unautia mkononi mwa mtu wake. Hapo ndipo umemaliza."

"Mvua inakuja," bibi alisema kutoka jikoni. "Na kifua chako hakitaki mvua. Mpe kijana wa jirani ampeleke."

"Kijana wa jirani ndiye aliyelaza mgeni? Ofisa wa Serikali akija kuniuliza yule mtu uliyemlaza ameishia wapi, nimwambie muulize jirani?"

"Ofisa hatakuja kukusikiliza ukikohoa usiku. Nitakayekusikiliza ni mimi."

"Basi utasikiliza. Umezoea."

Bibi aliguna, akafunga kisra kwa kitambaa, akaiweka juu ya tabaga mpya na kunikabidhi. Zawadi ya mjomba.

Tuliingia msituni. Mzee alitembea mbele, na kila kikohozi kilipomshika alisimama, akashika mti, akaangalia juu kana kwamba anamtafuta ndege. Mimi nyuma yake nilikuwa naitunga sentensi. Nataka niseme hili kwa uwazi, maana ndilo linaloniuma kuliko yote: sikuwa nimekusudia kunyamaza. Nilikusudia kusema. Nilitafuta tu sentensi ambayo ingesema kweli bila kuniaibisha. Nikaanza na "Mzee, kuna jambo sikulieleza vizuri," nikaona ni la kijanja. Nikajaribu "Mzee, nisamehe," nikaona ataniuliza nisamehe nini kabla sijajiandaa. Tuliivuka barabara ya Ngong, tukazunguka shamba la Mzungu kwa pembeni ili tusikutane na mlinzi, na sentensi yangu ilikuwa bado haijanyooka. Mvua ikaanza.

Kawangware tuliiona kwa moshi wake. Nyumba za majani, viazi vitamu kwenye vilima, mbuzi waliojikunyata chini ya upenu wa maghala. Mzee alimsimamisha mtu wa kwanza tuliyekutana naye, mwanamke aliyebeba kuni, akamwuliza habari za fundi kiwete.

Mwanamke alifikiri. "Fundi tuko naye," alisema. "Na kiwete tuko naye. Lakini si mtu moja."

"Mmoja wao atakuwa ndiye," mzee alisema. "Labda mguu umepona."

Fundi alikuwa kijana, rika langu, amekaa kibarazani na cherehani yake. Alipoelezwa shida yetu aliinua miguu yote miwili na kuichezesha hewani.

"Angalia, mzee. Mzima, mzima. Mimi sina hata dada, nitakuwa mjomba ya nani? Huyu wako amepotea au amepoteza wewe?"

Watu waliokuwa wamejikinga mvua pale walicheka. Mzee naye alicheka, kisha kicheko kikageuka kikohozi, akainama, akashika ukuta. Alipoinuka midomo yake ilikuwa ya kijivu. Hapo ndipo nilipofungua mdomo.

"Mzee, turudi," nilisema. "Mimi nitamtafuta siku nyingine."

Hiyo ndiyo sentensi niliyoipata baada ya safari yote ile, nayo ilikuwa uongo mwingine.

"Turudi na wewe mkononi?" alisema. "Amejificha tu, kama bibi harusi. Twende kwa huyo kiwete."

Kiwete alikaa mbele zaidi, upande wa Riruta. Tulipita kwenye matope mekundu yaliyovuta miguu. Koti la mzee lilikuwa limenyonya maji mpaka likamvuta mabega chini, na nilipotaka kumbebea alikataa. Tabaga ilikuwa imelowa, rangi zake zikanichafua kanzu, nyekundu na zambarau. Nakiri kwamba wakati ule, na mzee akitetemeka mbele yangu, nilifikiria pia kanzu.

Mwenye nyumba alikuwa Mkikuyu wa makamo, Mkristo, mwenye shamba la urithi lenye miti ya miwati. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda tangu goti. Alitoka mlangoni akiegemea fimbo, akatuangalia.

"Wewe mzee," alisema, "unatetemeka hivi, unatembea na mvua kutafuta nani?"

"Mjomba wa kijana huyu. Ni fundi, na mguu wake mbovu kama wako."

"Mguu ni yangu. Lakini ufundi sina."

Mzee aliinama, mikono magotini. Alikuwa anatafuta pumzi. Yule bwana alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi, kanzu yangu ya pwani, tabaga mikononi, macho yangu ambayo sikujua pa kuyaweka. Nadhani alielewa kila kitu.

"Haya," alimwambia mzee. "Ni mimi. Zamani nilikuwa fundi, nikaacha. Huyu ni mtoto ya dada yangu. Wewe ingia, ota moto, halafu rudi nyumbani."

Mzee hakuingia. Aliushika mkono wangu wa kulia, wake ukiwa baridi kama chuma, akautia kwenye kiganja cha yule bwana na kuufunika kwa mikono yake yote miwili.

"Nimekufikisha, nyereku," alisema. Kwa Kinubi ni mtoto. Kwa yule bwana alisema, "Mtu wako huyu. Alikula kwangu, hakuiba kitu."

Kisha akageuka akaenda. Alikataa moto, akasema akikaa hatainuka. Tulimwangalia akipita kati ya miwati, akisimama, akishika mti, akienda tena.

Alipotoweka, yule bwana aliuachia mkono wangu.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nilikuwa natafuta namna."

"Namna gani? Mtu anakufa na baridi, wewe unatafuta namna." Aliichukua tabaga, akaifunua kisra, ilikuwa uji. "Utalala kwa ghala. Kesho uende, na usirudi hapa na maneno yako."

Nililala na mahindi. Asubuhi nilirudi, lakini sikurudi Kibra. Nilipita mjini, nikapata mlango wa duka wa kuchora, nikauchora vizuri, nikafuta herufi ambayo hakuna mtu mwingine angeona kasoro yake, nikaichora upya. Nilijiambia nikimaliza nitakwenda kumwambia kweli, na safari hii maneno yatakuwa yamepangika. Siku zikapita hivyo.

Nilipokwenda, niliona mikeka uwanjani kabla sijafika. Wanaume walikuwa wamekaa kimya. Nilimwuliza mmoja, akaniambia mzee alirudi amelowa, homa ikampanda, kifua kikaziba, wakamzika Ijumaa. Nilikaa mkekani pamoja nao, na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani.

Bibi alikuwa amekaa eda, haonani na wanaume wasio wake. Jirani mmoja mwanamke aliyeniona siku ile nikiondoka na mzee aliniita mlangoni, penye pazia, nikasikia sauti ya bibi kutoka ndani.

"Ni yule mgeni wa Tanga?"

"Ni mimi, mama. Pole, mama."

"Nilimgombeza," alisema. "Aliingia anadondoka maji, nikamgombeza mpaka nikachoka. Akaniambia, nimeutia mkono wake mkononi mwa mjomba wake, sasa sema unavyotaka. Hata homa ilipomchanganya alikuwa anarudia hayo. Nimemfikisha, nimemfikisha. Kama mtoto aliyetumwa dukani." Pazia likatikisika kidogo. "Mjomba wako hajambo?"

Sentensi nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeipanga mjini kwa siku zile zote na ilikuwa nzuri, haina neno la ziada. Nilisimama mbele ya pazia lile nikaelewa kwamba aliyekuwa na haki ya kuisikia yuko chini ya udongo, na kwamba nikiisema sasa nitamnyang'anya mjane kitu pekee alichobakiwa nacho kutoka siku ile.

"Hajambo, mama," nilisema. "Anakusalimu sana."

"Na wewe nisalimie. Mwambie asikusumbue na kazi, wewe mwembamba."

Sikujua na sijui kama nilifanya vyema. Nimelifikiria jambo hilo kwa namna zote ninazozijua, na kila upande naukuta una kasoro.

Tangu hapo nimefika Nakuru, Kisumu na Jinja, bado peke yangu, bado kwa kuchora milango. Nikiulizwa mtu wangu ni nani mjini hapo, nasema sina mtu, na nasema mara moja kabla sijapata nafasi ya kulipanga jibu. Wapo wanaonikaribisha. Wengi hufunga mlango, nami hulala stesheni.