Taji la Sufu la Ardis Hedberg

Watoto waliopanda basi la shule la Ardis Hedberg walimjua kwa mambo mawili: theluji haikuwahi kumzuia barabarani, na kofia haikuwahi kumtoka kichwani. Ilikuwa kofia ya bluu iliyofumwa kwa mkono, na joto likija aliibadilisha kwa kitambaa. Chini yake, juu ya sikio la kushoto, palikuwa na kovu lenye upana wa kiganja cha mtoto, na hapo nywele hazikuota tena.

Kovu hilo alilipata akiwa na umri wa miaka minane, katika shamba la wazazi wake nje kidogo ya mji wa Sandlund, Minnesota. Ilikuwa asubuhi ya Mtakatifu Lusia, katikati ya Desemba, siku ambayo katika nyumba za Waswidi wa pale binti huamka kabla ya mapambazuko, akavaa gauni jeupe na mshipi mwekundu, akatiwa kichwani taji la mishumaa inayowaka, kisha akawapelekea waliolala kahawa na mikate ya zafarani huku akiimba. Kazi hiyo ilikuwa ya Marlys, dada yake mkubwa, lakini mwaka ule Marlys alikaukiwa na sauti kwa mafua. Basi Ardis akavishwa taji, na Marlys akamfuata nyuma ameshika pindo la gauni. Hawakufika hata kwenye mlango wa chumba cha baba. Mshumaa mmoja uliinama, nywele zikashika moto. Baba alitoka mbio akamfunika kichwa kwa koti lake la zizini, na kahawa ikamwagika ujia mzima.

Mama yao alilipeleka taji lile la shaba ghalani akalipondaponda kwa nyundo. Nyumba ile haikumwona Lusia tena, wala hakuna aliyetaja habari zake. Akina Engdahl, ukoo wa baba yao, walikuwa watu wa kumeza neno. Mtu akiumia walimpikia, wakamtandikia kitanda, wakanyamaza naye.

Ardis akakua hivyo hivyo. Aliolewa na Wendell Hedberg, wakajenga nyumba ndogo ng'ambo ya shamba la wazazi wake, wakapata mtoto mmoja, Dale. Wendell alifariki. Ardis akaendesha basi mpaka alipostaafu, na majira ya kuchipua ya mwaka wake wa sitini na tisa akapigwa na kiharusi. Alipona, ila mkono wa kushoto ulibaki mzito, kama mkono wa mtu mwingine alioazimwa.

Ilikuwa Oktoba, mjukuu wake Noemi akampigia simu. Noemi alikuwa na miaka minane, akiishi katika mji wa mbali pamoja na Dale na mama yake, Maribel, ambaye wazazi wake walitoka Meksiko.

"Bibi," alisema, "shuleni tumeambiwa kila mtu aeleze sikukuu za kwao. Za kina Mama nazijua zote. Nikamwuliza Baba, sisi wa upande wako huwa tunafanya nini?"

"Akakwambiaje?"

"Akasema huwa tunanyamaza."

Ardis alicheka. Baada ya kuweka simu ndipo alipoelewa. Alikuwa amedhani anamkinga mtoto wake na moto, kumbe alikuwa amemfungia nje ya nyumba. Siku ya pili akavuka shamba hadi kwa Marlys.

Marlys alikuwa mjane pia, na ndiye aliyerithi nyumba ya wazazi. Alifuga kondoo wachache, kwa ukaidi zaidi kuliko kwa faida. Alimkuta mdogo wake zizini, anajaza sufu katika mfuko wa chakula cha mifugo kwa mkono mmoja.

"Siku hizi unaniibia mchana kweupe?"

"Ungekuwa macho usiku ningekuja usiku," Ardis alisema. "Natengeneza taji la Lusia. La Noemi. La sufu tupu, mishumaa na yote. Halitawaka hata ukilibembeleza."

Marlys alirudi nyuma hatua moja. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na yeye siku ile alikuwa nyuma, pindo mkononi.

"Wewe uliungua," alisema. "Mimi ndiye niliyesikia ile harufu. Mpaka leo sichomi manyoya ya kuku. Achana na jambo hilo, Ardis."

"Sitaachana nalo."

"Na Lusia asiyetoa mwanga ni Lusia gani? Si bora umvishe mtoto soksi kichwani?"

"Soksi haina mishumaa," Ardis akasema, akabeba mfuko wake akaondoka.

Sufu ya taji la namna hiyo haifumwi wala haishonwi. Unaitandaza mezani tabaka juu ya tabaka, unamwagia maji ya moto yenye sabuni, unaisugua, unaiviringisha ndani ya mkeka na kuisukuma mbele na nyuma mpaka nyuzi zishikane na kuwa kitu kimoja kigumu. Ni kazi ya mikono miwili. Ardis alikuwa na mmoja na nusu. Mkono wa kushoto aliuweka juu ya mkeka kama jiwe la kukandamizia, akausukuma kwa ule wa kulia, na ulipoteleza akaurudisha mahali pake akaanza upya.

Taji la kwanza lilirudi likawa dogo la kumtosha paka. La pili lilikuwa pana upande mmoja, jembamba upande mwingine. Marlys alipopita kuleta mayai alilitazama na kusema, "Hilo utalitumia kushikia sufuria." Ardis akalitumia kweli kushikia sufuria, akaanza la tatu.

La tatu likakaa. Akalitia rangi ya kijani, akakata majani, akaviringa vidonge vyekundu mfano wa matunda ya msituni ambayo mama yao alikuwa akiyapika jamu. Shida ikabaki kwenye mishumaa. Kila akiisimamisha ililala, kama wazee kanisani wakati wa mahubiri. Ardis hakuweza kuivumilia. Mshumaa ulioinama ndicho kitu pekee ambacho hakukitaka katika taji lile. Akaifumua yote, akaifinyanga upya kuzunguka vijiti vya mshikaki, akaishona kwa sindano kwenye taji huku amelibana kwa magoti. Alijichoma mara nyingi. Wiki ya kwanza ya Desemba mishumaa ilisimama, na hata alipolitikisa taji kwa nguvu haikuinama.

Dale aliahidi kuwaleta Maribel na Noemi mkesha wa Lusia. Ardis alioka mikate ya zafarani, akapiga pasi gauni jeupe, akapanga kila kitu. Alasiri ile theluji ikaanza kuanguka, upepo ukaishika, na jioni Dale akapiga simu. Walikuwa wamekwama njiani, barabara kuu imefungwa, wamepata chumba katika hoteli ndogo.

"Samahani sana, Mama. Tutafanya Jumapili."

"Bora mko salama," Ardis alisema. "Msithubutu kutoka mpaka barabara isafishwe."

Aliamka kabla ya mapambazuko kama alivyozoea enzi za basi. Upepo ulikuwa umetulia. Taji lilikuwa mezani, halina kichwa. Alilitazama wakati kahawa inachemka, akafikiri juu ya ule ujia ambao hakuwahi kuumaliza, na moyo wake ukakata shauri kabla akili haijaulizwa.

Gauni la Noemi lisingemwingia, basi akavaa lake jeupe la kulalia juu ya nguo zake nzito, likabana mabegani. Akavaa koti. Akatia taji na mikate katika sanduku, akamimina kahawa katika chupa yake, akavifunga vyote kwa kamba juu ya sleji ya plastiki ambayo Noemi huteleza nayo thelujini. Kamba ya kuvutia akaizungusha kiunoni, kwa sababu mkono mmoja ulihitajika kwa tochi na ule mwingine haukuwa wa kutegemewa.

Shamba lile mtu mzima hulivuka kabla sigara haijaisha. Asubuhi ile theluji ilimfika magotini, na mahali pengine mapajani. Nusu ya njia mguu wake ulizama ndani ya mfereji akaanguka ubavu wa kushoto, upande usiojiinua. Alilala pale akihema, baridi ikimpenya kwenye mkono wa shati. Akajua vizuri kwamba akikaa pale atakaa kabisa. Akajiviringisha kifudifudi, akaegemea kiwiko cha kulia, akapiga magoti, akasimama. Alikagua sanduku, likawa zima. Akaendelea.

Marlys aliiona tochi dirishani. Alifungua mlango wa jikoni akiwa na gauni lake la kulalia na soksi za mume wake marehemu.

"Umerukwa na akili? Ungenifia shambani nikuokote majira ya kuchipua?"

"Sijafa. Rudi kitandani."

"Nini?"

"Lusia huwaendea waliolala. Wewe umesimama. Nenda kalale."

Marlys akageuka akaenda.

Ardis alivua koti mbele ya jiko. Akavua kofia ya bluu, akazichana nywele zake zote kwenda nyuma, jambo ambalo hakuwa amelifanya mbele ya mtu tangu utotoni, akavaa taji. Trei asingeiweza, basi akatia chupa ya kahawa, vikombe na mikate ndani ya kikapu, akakipachika kwenye mkono mzito uliojikunja, maana kwa kukunjika tu ulifaa. Akaingia ujiani. Alianza wimbo chini mno, sauti ikakwaruza, maneno ya Kiswidi mengine akayabuni. Mahali ambapo kahawa ilimwagika zamani zile miguu yake ilisita. Akavuta pumzi, akaendelea kuimba, akapita, akausukuma mlango kwa bega.

Marlys alikuwa amelala chali, blanketi hadi kidevuni, machozi yanamwingia masikioni. Ardis alimmiminia kahawa, akakaa ukingoni mwa kitanda. Marlys aliinuka, akanyoosha kidole, akaligusa lile kovu.

"Kumbe ni dogo hivi," alisema. "Miaka yote hii nilidhani limeshika nusu ya kichwa."

"Ungeuliza ningekuonyesha."

"Na wewe je, ungeshindwa kusema bila kuulizwa?"

Ardis akamsogezea mkate. Wakanywa kahawa, wakala mikate yote, na Marlys akataka kujua mishumaa ile imesimamishwa na nini.

Jumapili barabara zilifunguliwa. Noemi alivaa taji katika ukumbi wa chini wa kanisa, likamkaa sawasawa, akapita meza kwa meza na mikate, akiimba wimbo ule kwa Kiswidi kilichochakachuliwa, alichofundishwa na bibi yake kwa simu. Wazazi wa Maribel walikuja pia. Bibi wa pili wa Noemi alilipapasa taji, akamwuliza Ardis kama anaweza kufundishwa, na Ardis akamwambia alete mikono na uvumilivu, sufu ipo kwa dada yake. Marlys akasema sufu hiyo ina mwenyewe, safari hii iombwe, isiibwe.

Walipomaliza, Dale alimsindikiza mama yake mpaka kwenye gari, akamfunga mkanda, akakaa nyuma ya usukani bila kuondoka.

"Mama mkubwa Marlys ameniambia kidogo," alisema. "Hapo kichwani nilidhani ni ugonjwa wa ngozi. Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Basi nakuuliza sasa, Mama."

Noemi alikuwa ameketi nyuma, taji mapajani, ametega sikio. Ardis akaanza na mafua ya Marlys, akaeleza yote, nyundo na ghala, bila kuruka chochote, gari likinguruma palepale uwanjani mpaka vioo vyote vikajaa ukungu.